Bi Tunu na Matofali ya Kitanda

Ukitaka kumjua Bi Tunu, nenda Temeke siku ya shughuli. Viti ni vyake, masufuria ni yake, turubai ni lake, na sauti inayosikika juu ya vyote ni yake pia. Mteja akichelewa kurudisha sufuria, Bi Tunu hatumi mtu. Huenda mwenyewe, na sufuria hurudi limesuguliwa.

Ila mvua. Wingu likifunga tu, mwanamke huyo huacha kila kitu na kukimbilia nyumbani kwake Pugu, juu kilimani. Huko vitanda vimesimama juu ya matofali, friji juu ya matofali, na mabegi yako juu ya kabati. Majirani wamecheka mpaka wamechoka. Maji yakifika kwa Bi Tunu, si mji mzima utakuwa umeshazama? Mwenyewe huwajibu wacheke tu, watakuja kumwomba pa kulala.

Alikuwa na miaka saba maji yalipoingia nyumbani kwao bondeni. Dada yake Raudha, wakati huo msichana wa miaka kumi na tisa, alimbeba mgongoni akavuka naye. Leo mvua ikinyesha Raudha hujifunika kanga akapata usingizi mtamu. Tunu hukesha akipandisha magodoro juu ya meza. Maji ni yaleyale.

Masika haya Raudha alikuja kumtembelea. Walikuwa ukumbini wakichambua mchele, na Mwanaidi, mjukuu wa Tunu wa miaka minne, akicheza na pumba. Mara mbingu ikawa nyeusi. Kabla Tunu hajainuka, mtoto alisimama, akachukua kandambili zake, akaziweka juu ya meza, naye akapanda akaketi, magoti kifuani. Hakulia. Alikuwa akiutazama mlango tu.

"Huyu naye mafuriko kayaona wapi?" Raudha aliuliza.

Tunu alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kitu. Alikuwa akimtazama bibi yake tu, basi. Jambo hilo lilimuuma Tunu kuliko maji yenyewe.

"Nimemharibu mtoto, dada."

"Hujamharibu. Akili yake bado mbichi, inashika kila kitu, na jema pia itashika. Unadhani mie ni chuma? Nilipofiwa na shemeji yako, mwaka mzima nilikuwa natia chumvi kwenye chai, majina ya wajukuu yananipotea. Ikapita, maana nilikuwa mtu mzima, nilishawahi kuona mambo yakipita. Hata yale maji, kesho yake nilirudi nikayaona yanaondoka, nikafagia tope. Wewe ulishapelekwa Kigamboni kwa shangazi. Kwako wewe, Tunu, yale maji hayajaondoka mpaka leo."

Mvua ikaanguka juu ya bati kwa kishindo. Mwili wa Tunu ulitaka kukimbilia magodoro. Badala yake alikokota mkeka hadi mlangoni, akaketi, akanyoosha miguu sakafuni. 

"Mke mwenzangu," alimwita mjukuu wake, "njoo tukae."

"Maji yanakuja, bibi."

"Njoo tuyaangalie yanakwenda wapi."

Mtoto alishusha mguu mmoja, akagusa sakafu kwa kidole gumba, akaurudisha. Tunu hakumharakisha, yeye aliyezoea kuharakisha ukoo mzima wa bwana harusi. Mwishowe Mwanaidi alishuka, akaja kumkalia mapajani.

"Bibi, unatetemeka."

"Naogopa. Lakini siondoki."

Wakakaa. Maji yalijaa uani, yakazunguka jiwe la kufulia, kisha yakapata njia yake pembeni mwa choo, yakateremka kilimani. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikakatika. Uani likabaki tope na kuku mmoja aliyelowa.

"Yameondoka," Mwanaidi alisema.

Tunu alilia mbele ya dada yake bila kuficha uso. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudiwa na sauti yake ya Temeke.

"Raudha, acha huo mchele! Shika kitanda huku, mie nachomoa matofali."

Mwanaidi alikwisha kuzitoa kandambili mezani, yuko uani anamfukuza kuku.