Ndege Iliyokalia Meza Yetu

Ndege ilikaa juu ya meza yetu ya kulia muda mrefu kuliko mgeni yeyote tuliyewahi kumpokea. Mke wangu na mimi tulikula tumepakata sahani, katika nyumba yetu ya Ruashi ambayo chumba kimoja mpaka leo hakina dari. Dari hiyo imeningoja miaka. Mimi ni mtu wa njia: Kolwezi, Likasi, Ndola, popote lori lilipokuwa na kiti cha mbele. Sanduku la ndege ile ndogo ya betri nililinunua Ndola, nikalileta nyumbani badala ya kitenge. Mke wangu aliligeuzageuza, akauliza litafungwaje kiunoni.

Ndani mlikuwa na mabawa ya povu gumu, mota ndogo kama kizibo cha chupa, propela na rimoti. Kuviunganisha hakukuwa shida. Shida ilikuwa magurudumu. Yalilingana na vifungo vya shati, na bila shaka aliyeyatengeneza anaishi penye lami. Kwenye udongo wetu mwekundu ndege ilijikokota kidogo, ikaanguka kifudifudi. Hapo nikakumbuka utoto wangu Kamalondo, tulivyokunja waya kuwa magari na kukata matairi kwenye soli za kandambili zilizochakaa. Nikatafuta kandambili. Niliyoipata haikuwa imechakaa sana, na mwenyewe, mke wangu, aliitambua.

"Papa, sasa nitaenda kunawa na muguu moja?"

Matairi yale yalipendeza, ila yalikuwa mazito. Mke wangu aliinyanyua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, kama nilivyomwonyesha, na pua ikainama.

"Ndeke yako iko nalala," akasema.

Nikachonga povu kwa kisu cha moto, nikasogeza betri nyuma. Kesho yake aliona mkia umepinda. Halafu akaona waya wa mguu ni laini mno. Kila nilipokaribia kumaliza alikuwa na kosa jingine mkononi, na kila kosa lilikuwa la kweli. Nikamuuliza ufundi huo aliusomea wapi.

"Ni macho tu." Alikuwa akichambua mboga ya lengalenga, hakuniangalia. "Ikiisha, utaenda wapi tena?"

Nilirudi kwenye gundi yangu, nikihesabu moyoni, nikaona kwamba tangu nilipofungua lile sanduku sikuwa nimelala nje ya nyumba hata mara moja.

Makosa yaliisha Jumapili moja baada ya misa. Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira, ambako wanaume wenye vitambi kama mimi walikuwa wamekaa wakipumzika.

"Muzee," mmoja, muuza makaa, akaniita, "hiyo inapita Likasi? Nilikuwa na gunia mbili ya makala."

"Lipia kwanza tikiti," nikamjibu.

Ndege ilikimbia, ikatimua vumbi, ikaliacha. Vile vipande vya kandambili viliiacha ardhi na mimi nikasahau kufunga mdomo. Niliipeleka mbali hadi juu ya mabati ya nyumba za mwisho, nikaigeuza, ikarudi. Nikaipeleka tena, ikarudi tena. Mke wangu aliitazama ikirudi, akanyoosha mkono.

"Leta."

Nikampa rimoti. Aliizungusha ndege mara moja, vizuri kabisa, akaishusha polepole, akaipeleka moja kwa moja kwenye mlingoti wa goli. Wenye vitambi walishangilia bao. Bawa la kushoto lilikatika vipande viwili.

Nilimuuliza kama alifanya makusudi. Aliibeba ndege kifuani, akanipa kipande cha bawa kilichokatika nimshikie.

"Hii iko na kazi ya siku mingi," akasema, na hakuonekana mwenye huzuni.

Jioni ile sahani zilikuwa tena magotini. Rafiki yangu dereva alipiga simu: lori linapakia, asubuhi wanaelekea Kolwezi, kiti cha mbele kiko wazi. Mke wangu aliweka kijiko kwenye sahani, akaniangalia. Nilimwambia yule dereva ukweli mtupu: siwezi, gundi haijakauka.