Siku Nilipoacha Kuwasomea

Chekeni tu, mimi nimeshacheka. Mimi ni asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, wa chuo kikuu hapa Goma, nafundisha somo la udongo. Kwetu mwalimu anasoma somo kwa sauti, wanafunzi wanaandika. Nami ndivyo nilivyofundishwa. Lakini juzi nilitoka kwenye semina ya mbinu za kufundisha, kichwa kimejaa, nikaamua kuacha kuwasomea.

Nikamwalika hata Papa Doyen, mkuu wa kitivo chetu, aje aone. Akakaa nyuma. Nikauliza swali moja: kwa nini maharagwe ya mji wa Kiwanja yanastawi kuliko yetu ya hapa kwenye mawe ya volkano? Nikawagawa katika makundi, nikanyamaza.

Darasa likachemka. Watu walibishana mpaka wengine wakasimama. Kila nilipokaribia kundi walishusha sauti na kunitazama kwa upole. Nikadhani ni heshima. Nilifurahi sana. Nikawa namtupia Papa Doyen jicho kama mpishi anayesubiri kusifiwa.

Mwishowe Kavira, msemaji wa darasa, akasimama.

"Papa Doyen, tumezungumuza, makundi yote tumesikilizana. Asistanti wetu anatusomeaka kila siku, hata akiwa na mafua. Leo anatuuliza sisi mambo yenye yeye mwenyewe anajua, kisha ananyamaza. Huyu mutu ni mugonjwa. Tunaomba arudi kwake apumuzike."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Papa Doyen akavua miwani, akanigeukia taratibu.

"Asistanti, asubui ulikula?"