Dramu ya Garnet

Garnet Combs alifanya kazi miaka ishirini na minane katika kiwanda cha giaboksi nje kidogo ya mji wa Ypsilanti, karibu na Detroit, na kwa muda wote huo hakuwahi kuona giaboksi moja ikiundwa mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye alikuwa wa dramu, lile kopo la chuma ndani ya giaboksi linaloshika na kuachia gia. Dramu ilimfikia tupu, akaitia sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, akapanga sahani zake, ya chuma, ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, akaifunga na kuisukumia mbele, na kabla hajapumua vizuri nyingine ilikuwa imeshafika. Alianza akiwa msichana mwembamba ambaye baba yake aliihamisha familia kutoka milima ya Kentucky kufuata kazi za magari, kama nusu ya majirani zao. Alistaafu akiwa bibi wa wajukuu watatu.

Mwaka wa pili kazini alijinunulia gari. Lilikuwa la milango miwili, la kijani, lenye injini ya silinda nane iliyotikisa vikombe kabatini kila ilipowashwa. Giaboksi yake ilikuwa otomatiki, ya aina ileile waliyoiunda pale kiwandani. Delbert, fundi bomba aliyekuwa akimchumbia siku hizo, alilizunguka gari akipiga mluzi, kisha akachungulia ndani na kuona pedeli mbili tu, bila klachi.

"Ah!" akasema. "Wamelihasi."

Garnet aliolewa naye hata hivyo. Lakini Delbert hakuacha kulisema jambo lile. Kila walipopitwa na gari la gia za mkono, alinyoosha mguu wake wa kushoto na kukanyaga klachi isiyokuwepo.

Miaka ikaenda. Kiwanda kikafungwa, mashine zikang'olewa, ua ukaota majani. Majira ya kuchipua yaliyofuata, giaboksi ya gari la kijani ikaanza kuteleza. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma kama imekasirika, na gari lenyewe halina haraka. Delbert alipoliona hilo uso wake ulichangamka, akajitahidi kuuficha, akashindwa.

"Inasikitisha," alisema. "Lakini ndiyo nafasi yetu, mama watoto. Tunatia gia tano za mkono. Barabara kuu injini inatulia, petroli inapungua, na mtu anaendesha gari badala ya kupakiwa kama gunia."

"Na foleni?" Garnet akauliza. "Na goti lako linalouma?"

"Goti langu liache. Goti langu lina hamu kuliko mimi."

Garnet hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jumamosi ile Delbert na jirani yao Verl, mwenye gari jekundu la gia nne za mkono, waliliinua la kijani kwa jeki wakaishusha giaboksi. Garnet alipoingia gerejini na kahawa, aliikuta imelala sakafuni juu ya kadibodi, ikivuja mafuta mekundu. Verl aliisukuma kwa ncha ya buti.

"Hii wapelekee wa chuma chakavu," alisema. "Sanduku la kina bibi hili. Halina kazi ila kumfanyia mtu uvivu."

"Toa kiatu chako hapo, Verl."

Verl akacheka, akidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni akakitoa.

"Hii imepita mikononi mwangu," Garnet alisema. "Huenda si hii hasa, lakini dada zake wote. Mtu akiniambia gia tano ni nzuri barabarani, nakubali, sina ubishi. Ila hii haitupwi kwa sababu imechoka. Hata nyinyi mmechoka."

"Sasa nani ataitengeneza?" Delbert akauliza kwa upole. "Wewe uliijua dramu tu."

Hapo alimgusa, kwa kuwa ilikuwa kweli. Garnet aliweka kahawa juu ya meza ya kazi, akaingia ndani, akainua simu.

Alhamisi wakaja wenzake wawili wa kiwandani. Odessa Tolliver alikuja na miwani mbili shingoni, moja ya kuonea mbali na moja ya kuonea skrubu. Yeye kiwandani alikuwa wa bamba la vijia, lile pande la aluminiamu ambamo mafuta hupita huku na huko mpaka giaboksi inajua yenyewe wakati wa kubadili gia. Halina Wojtas alikuja na sahani ya donati za Kipolandi. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari wa kuundia, wa majaribio: aliisikiliza kila giaboksi ikizunguka kabla haijaondoka, na ile asiyoipenda aliirudisha hata kama vipimo viliipitisha.

"Miaka yote nimesikia makosa yenu," Halina alisema akivaa glavu. "Leo nitayaona yakizaliwa."

"Wewe uliturudishia hata nzima, uchawi wako tu," Odessa akamjibu.

Walianza kuifungua, na kicheko kikapungua. Kumbe kila mmoja alijua chumba chake tu katika nyumba waliyoijenga wote. Odessa alilivua bamba lake, akalisafisha, akarudisha vali zake ndogo, springi na pini akizungumza habari za ndoa ya mpwa wake, vidole vyake havikusita hata mara moja. Lakini katikati, penye gia zenyewe za sayari, zile zinazozungukana, hakuna aliyejua. Walitazamana.

"Palikuwa pa Lurlene," Halina akasema.

Lurlene, mwenzao wa kiwandani, alikuwa amehamia Florida. Walimpigia, wakaiweka simu juu ya mkebe wa grisi, na sauti yake ikajaa gereji nzima.

"Mwenye beringi nyembamba nani? Wewe Garnet? Mdomo wake uangalie chini. Chini, mpenzi, si chini yako, chini ya giaboksi!"

Delbert aliosha vipuri katika karai la petroli. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa amekuja kuchukua spana, akabaki. Alimtazama mkewe akipanga sahani kwenye dramu bila kuangalia, kichwa kimegeukia mazungumzo, mikono ikienda yenyewe. Hakuwahi kuiona mikono ile ikifanya kazi hiyo. Alikuwa akimngoja getini tu, jioni, injini ikiwaka.

"Kila siku ulikuwa hivyo?" aliuliza.

"Kwa kasi zaidi," Garnet alisema. "Lete kitambaa."

Wakaifunga, wakaipandisha, wakatia mafuta mapya. Verl alikuja kushuhudia, akaegemea mlango. Garnet akawasha, akaweka gia, gari likasogea kwa ulaini wa kupendeza. Odessa akapiga kelele za furaha. Walipofika kona gari lilikataa kuingia gia ya tatu. Garnet akajaribu kurudi nyuma: injini ikanguruma, gari halikutikisika. Walilisukuma kwa mikono kinyumenyume hadi nyumbani, Verl naye akisukuma.

"Mimi sisemi kitu," Verl akasema.

"Endelea hivyohivyo," Odessa akamwambia.

Halina akamtazama Garnet, naye Garnet alikuwa ameshajua. Gia ya tatu na ya nyuma zote mbili zinategemea dramu ile. Dramu yake.

Waliishusha tena. Garnet aliifungua mwenyewe, akaitoa sili, na ikawa imeingia kinyume. Kiwandani sili zilimjia zikiwa tayari zimegeuzwa sawasawa juu ya kifaa chake; hakuwahi kulazimika kuchagua upande. Uso ulimwaka.

"Mimi ndiye," alisema. "Ishirini na minane, na mimi ndiye."

"Basi ningekurudishia," Halina akasema. "Kula donati, utie nyingine."

Mara ya pili Halina alilala sakafuni, sikio karibu na vyuma, injini ikizunguka. Alikaa pale muda mrefu hata Delbert akaanza kuogopa. Mwisho akanyoosha mkono ainuliwe.

"Hii ingepita," alisema.

Agosti walikwenda barabara ya Woodward, siku ile magari ya zamani yanapojazana kutoka Detroit hadi Pontiac na foleni inatambaa kwa saa nzima juani. Delbert alishika usukani, Garnet kando yake, Odessa na Halina nyuma na bakuli la saladi ya viazi. Kushoto kwao Verl, ndani ya gari lake jekundu, alikanyaga na kuachia klachi, akasogea, akakanyaga tena, jasho likimtoka masikioni.

"Goti linasemaje, Verl?" Delbert aliita, mguu wa kushoto ameukunja kama yuko sebuleni.

Verl alitoa jibu lisilofaa mbele ya akina mama, nao wakalifurahia sana.

Jioni, barabara kuu, injini ilipiga kelele katika gia ya tatu, kwa kuwa ya nne haikuwepo, na Delbert akalalamika kama Garnet alivyojua atalalamika.

"Kwa gia tano tungekuwa tunasikilizana sasa hivi!"

"Unasema?" Garnet akauliza, akiweka mkono sikioni.

Delbert akacheka. Alimshika mkono ule, akauteremsha, akauweka juu ya goti lake, akaendesha hivyo mpaka Ypsilanti, maana mkono wa gia haukumhitaji.