Barua kwa Mkwe Wangu Kuhusu Boti la Bati

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ikabeba vyombo vya waja wake, vya mti na vya chuma, wala haimuulizi mtu nani kakichonga chake. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kuniachia kumbukumbu zangu, hata hii ninayoona haya kuisimulia.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Nilikuwa naishi Kurasini, upande wa mikoko, ndani ya ua wa baba mkwe wangu. Alasiri nilisomesha watoto Kurani, na baada ya sala ya alfajiri niliingia baharini na wenzangu watatu. Baba mkwe alikuwa fundi wa mitumbwi. Mtumbwi tuliovulia aliuchonga yeye, kabla sijamwoa binti yake.

Mtumbwi ule ulikuwa umezeeka. Mdudu wa maji alikuwa ameutoboa chini kama chujio, lakini lililotuchosha zaidi lilikuwa uzito. Pwani ile maji yakitoka hubaki tope hadi magotini, na kuusukuma kulitaka watu wanane. Sisi tulikuwa wanne. Mmoja wetu alikwisha umia mgongo, akawa anatembea ameinama kama anayetafuta sindano.

Tukachanga kwa ajili ya chombo kipya, na wenzangu wakasema mimi ndiye nichague.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe mwalimu, umesoma," akasema aliyeumia mgongo. "Na wewe ndiye mkwe. Sisi mzee atatutukana. Wewe hawezi."

Walikuwa wamesikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mjini, ameleta boti jeupe la alumini. Tukaenda kulitazama. Lilikuwa limelazwa uani nyuma ya duka, linang'aa hata macho yanauma. Mwenye duka, mtu mpole wa makamo, aliniamkia kwa salamu ya dini, akaniambia, "Nyanyua, mwalimu." Nikashika upande mmoja, mwenzangu mmoja upande wa pili, likanyanyuka. Watu wawili! Nililigonga kwa kidole likalia kama sufuria. Nikapapasa ribiti zake, ile misumari mifupi iliyogongwa vichwa pande zote mbili, na katikati ya mabati nikaona gundi nyeusi ya kuzuia maji. Mgonjwa wa mgongo alisimama kando analiangalia jinsi mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake. Moyoni nikawa nimeshachagua.

Niliporudi, baba mkwe alikuwa anazunguka mfenesi wa uani kwake, anaupima kwa kamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chombo chenu kitatoka humu," akasema, huku anaupiga mti kofi. "Ijumaa baada ya sala naukata. Sitaki malipo. Ni zawadi ya mume wa binti yangu."

Nikanyamaza. Kwetu mkwe hajibizwi, tena hatazamwi usoni. Neno zito humfikia kwa mdomo wa mshenga, yule aliyepeleka posa. Ukinyamaza mbele yake, umekubali. Kwa hiyo pale, kabla sijafumbua mdomo, nilikuwa nimekwisha kubali.

Mshenga wangu alikuwa mmoja wa wale wenzangu watatu. Nikamwendea siku ile ile.

"Nenda kamwambie tumechagua boti la bati. Mti asiukate."

Alikaa huko mpaka adhuhuri, akarudi anajifuta midomo.

"Umemwambia?"

"Nimemkuta anakula, akanikaribisha. Sasa, mwalimu, mtu unamega tonge la mwenzio, halafu umwambie mti wake haufai?"

"Basi rudi kesho."

"Kesho si atakula tena?"

Jumatano ikapita, Alhamisi ikafika. Niliswali rakaa mbili za kumtaka Mungu anichagulie, nikasubiri kifua kifunguke upande mmoja. Hakikufunguka. Shoka nalisikia linanolewa ukutani kwangu, na mwenzangu namwona anapita njiani ameinama. Mti ukishaanguka hausimamishwi. Nikisema, nimemvunjia heshima mzee aliyenipa mke na mahali pa kulala. Nisiposema, tunarudi topeni.

Ijumaa asubuhi nikaandika barua. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua kumi na mbili, nami nikamwandikia kwa hati za Kiarabu, maana hizo alizijua, nikaanza kwa salamu na dua, nikamweleza juu ya tope na juu ya mgongo. Nikampa mke wangu ampelekee.

Sikujua kwamba baba mkwe hawezi kusoma kimyakimya. Alikaa kibarazani akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuo cha Kurani, na ua mzima ukimsikiliza. Mimi niko nyuma ya ukuta wangu, nasikia kila neno. Alipofika kwenye neno "alumini" alilirudia mara tatu. Mama mkwe akauliza, "Ndiyo nini hiyo?"

"Sufuria," akajibu. "Mkweo anataka kuvua kwa sufuria."

Akaikunja barua. Kisha nikasikia shoka linawekwa chini. "Mwambieni mwandishi nimesoma," akasema, na wiki nzima hakusema zaidi ya hapo.

Boti likaletwa. Watoto wakalikimbilia wakiimba, majirani wakatuuliza kama samaki tutawaleta wameshaiva. Baba mkwe alipita mbali, ameangalia upande mwingine. Hilo ndilo lililonishinda. Nilitaka awe na mkono wake ndani ya chombo kile, hata kidogo.

Sasa, kwetu chombo kipya hakiingii majini hivi hivi. Hupinduliwa juu ya magogo, kikapitishiwa chini mienge ya makuti makavu ili mdudu asikishike, kisha hupakwa mafuta ya papa na chokaa. Kazi hiyo hufanywa na fundi. Nikamtuma mshenga, na safari hii neno alilifikisha: tunamwomba baba aje alichome boti letu.

Nilijua vizuri kwamba mdudu hali bati. Nilidhani tu moto hautadhuru. Hata niliposita, mshenga alinipoza: "Mwalimu, sufuria si inakaa motoni kila siku? Imewahi kufa?"

Mzee akaja amevaa kanzu safi. Mimi nikasoma Fatiha. Akawasha mienge, akaipitisha taratibu, kila kiungo, kila mstari wa ribiti, kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nikaiona ile gundi nyeusi inatoa moshi, inatiririka. Wenzangu nao wakaona. Tukatazamana. Nani angemwambia aache? Alikuwa anatabasamu.

Tulipolitia majini, kabla hatujafika mbali, nikahisi ubaridi nyayoni. Maji yalikuwa yanachuruzika penye ribiti. Tukageuza. Mzee amesimama ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akaniuliza mwenyewe, uso kwa uso:

"Vipi, linavuja?"

"Hapana, baba," nikasema. "Ni mawimbi yameingia."

Mungu anisamehe. Neno moja tu. Lakini alifurahi, akaniambia, "Moto umelikubali," na kuanzia hapo akawa kila asubuhi anakuja ufukweni kututazama tukiondoka. Boti lisilovuja halipelekwi kwa fundi. Tungelipeleka mjini angeuliza linaumwa nini, na fundi wa huko angesema ni moto.

Wenzangu walinigeukia siku ile ile tulipotoka machoni pake.

"Mwalimu, umesema halivuji."

"Nimesema."

"Basi kopo hili hapa."

Nikapokea kopo. Nilikaa chini ndani ya boti lile miaka minne, nachota maji na kuyamwaga nje huku wenzangu wakivuta nyavu, na suruali yangu haikukauka siku ya kazi hata moja. Tope halikutusumbua tena, mgongo wa mwenzetu ukanyooka, na kwa hayo nilishukuru kila siku nikiwa nimeloa. Lakini kila niliposomesha watoto habari ya ukweli, niliinamisha macho kwenye ubao.

Baba mkwe alipofariki tulimzika, tukamaliza matanga, kisha tukalibeba boti mjini. Fundi akatia gundi mpya. Ilimchukua siku mbili.

Nawe unayesoma, Mungu akurehemu wewe na wazee wako, akufungue ulimi mapema mbele ya wale unaowaheshimu, na siku utakayoshindwa kusema, akupe subira ya kuubeba ukimya wako mpaka pwani. Amina.