Kicheko Kilichonipeleka Kiwayu

Mwaka wa uhuru, nikiwa na miaka minane, baba alikufa nami nikaanza kusomba mawe ya kujengea kwa punda wa watu. Darasa la pili sikulimaliza. Nasema mapema, asije mtu akanicheka mwandiko.

Safari hii ililetwa na redio. Magaidi walishambulia kambi ya mafundi wa ujenzi huko bara, redio ya umma ikasoma majina ya waliokufa. La mkwe wangu Athmani lilikuwa la tatu. Maiti zilikuwa zimeungua, zikatambuliwa kwa vitambulisho vilivyosalimika, zikazikwa kulekule. Binti yangu Mwanaesha akakaa eda nyumbani kwangu Wiyoni.

Siku ya kumi na mbili, tukinywa chai, redio iliwaweka walionusurika wasimulie. Mmoja, bila kutajwa jina, alieleza alivyojificha kwenye matope ya mikoko hadi kaa akamng'ata tako. Akacheka kwa pua. Kikombe kikaniponyoka. Kicheko hicho kimeniudhi miaka sita; hata siku ya posa alikicheka.

"Huyo ni Athmani," nikasema.

Mwanaesha alishika ukuta. "Baba, wallahi usinichezee."

Sheikh wa mtaa naye akasema, "Bwana Shee, eda haivunjwi kwa kicheko. Mlete mtu."

Haya, nikaenda kumleta.

Saa tatu nilikuwa kituo cha redio mjini. Bi Njeri, mtangazaji kutoka bara, ndiye aliyesoma majina na ndiye aliyewarekodi walionusurika.

"Mzee, niliwaahidi sitauliza majina yao wala kusema wako wapi. Wanaogopa kutafutwa."

"Binti, nina miaka sabini na meno matano. Nitamdhuru nani?"

Alitaka kucheka. Nikamweleza eda: kwamba kwa jina alilolisoma yeye, mwanamke amefungiwa miezi minne na siku kumi, na huenda mume yu hai. Akachukua mkoba.

"Sitakwambia ni wapi. Nitakupeleka."

Saa tano tuliondoka kwa mashua yangu ya injini, baada ya askari kutuandika majina gatini.

Kisiwani Ndau tulisimama kutia maji. Akina mama walitupa samaki wa kukaanga. Mmoja, Bi Zena, alimshika Njeri mkono: "Watangazie walimu waliokimbia magaidi warudi. Shule tumeipaka rangi wenyewe. Na mwanangu Bakari akisikia, aje, naye yuko bara kwenye ujenzi."

Alasiri tukafika Kiwayu. Athmani alikaa kibarazani, miguu imefungwa bendeji. Aliponiona akashtuka.

"Baba! Nani kafa?"

"Wewe."

Akacheka kwa pua. Nilimkumbatia hadi akalia kwa maumivu. Mnara wa simu ulikuwa umeangushwa, simu yake imezama matopeni, na mashua za raia zilipigwa marufuku hadi jana yake. Angejuaje kwamba tumemsomea hitma? Njeri akamuuliza kitambulisho chake kiko wapi.

"Kwenye koti. Nilimwazima Bakari wa Ndau, alikuwa zamu, kuna baridi..."

Hakumaliza. Hapo hakucheka mtu. Samaki wa mama yake Bakari walikuwa bado tumboni mwangu.

Kesho yake asubuhi tulirudi Ndau. Nilidhani Njeri atakimbilia redioni. Alikataa: "Mama hafai kusikia kwa redio kwanza." Alikaa chini mkekani kwa Bi Zena, na Athmani akamweleza mwenyewe habari ya koti. Bi Zena alilia sana. Kisha akauliza, "Koti lilikuwa zito?"

"Zito, mama. La sufu."

"Basi hakupata baridi."

Adhuhuri tuliingia Wiyoni. Mwanaesha alikuwa nyuma ya mlango, hataki kufungua mpaka awe na hakika. Athmani alibisha mlango. Kikamtoka kile kicheko cha pua. Mlango ukafunguka.

Ijumaa Bi Njeri alisahihisha majina kwa sauti ileile, akamtaja Bakari na mama yake, halafu akatangaza shule ya Ndau. Jumatatu walimu wawili walipanda mashua yangu. Sikuwatoza.

Nilichojifunza ni kwamba wenye bunduki walitaka tuogopane, watu wa pwani na wa bara, na mtoto wa bara ndiye aliyenirudishia mkwe. Tena nilikuwa mjinga kumchukia mtu kwa pua yake.

Leo nina nyumba ya mawe Wiyoni, punda wanne, mashua moja ya injini, redio ya betri, na mkwe mmoja. Yuko uani sasa hivi, anacheka.