Nilivyomwoshea Baba Mdogo Gari

Turubai kuukuu likilowa mvua halafu likapigwa jua, hutoa harufu ambayo sijaipata kwenye kitu kingine: mafuta kidogo, ukungu kidogo, na kitu kama gunia lililosahauliwa stoo. Hapa Tunduma malori hupanga foleni kungoja kuvuka mpaka, na asubuhi baada ya mvua harufu hiyo huja na upepo hadi mlangoni kwangu. Wenzangu huziba pua. Mimi huivuta mpaka tumboni, kwa sababu ndiyo harufu ya baba yangu. Na tena, msinishangae, ni harufu ya siku niliyofurahi kuliko zote utotoni, siku baba mdogo Obadia alipoaibika mbele ya kijiji kizima.

Baba alikuwa akinunua na kuuza magari ya zamani ya jeshi, hasa zile Landrova ndefu zenye sura ya ukali. Alizifuata minadani. Alizifuata kwenye mashamba ya kahawa, na hata nyuma ya makanisa huko milima ya Ileje, ambako gari lililotoka jeshini miaka mingi nyuma lilikuwa limegeuka banda la kuku. Aliwafukuza kuku, akalivuta gari mpaka nyumbani kwetu karibu na Iyula, akalifufua taratibu, kisha akaliuza kwa Wazambia waliokuwa na wateja wao huko kusini. Wateja hao, alituambia, hawatafuti gari la kuendea sokoni. Wanatafuta gari lililozeeka bila kuguswa. "Hili linauzwa uzee wake," alikuwa akisema huku akilipiga boneti, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni.

Kati ya hayo yote tulilolipenda ni moja. Tulimwita Afande. Alikuwa na namba nyeupe ubavuni, vishikizo vya bunduki nyuma ya viti, mahali pa kufunga sepetu, na kibati chenye maandishi ya jeshi kilichopigwa ribiti karibu na usukani. Sheria haimruhusu raia kutembea na rangi ya jeshi, kwa hiyo baba alimpaka juu rangi ya maji, ile ya kupakia kuta za nyumba. Mvua ikinyesha, Afande alichuruzika kama mtoto aliyelia na poda usoni, nasi tulimpaka upya tukigombania brashi. Mnunuzi alipofika, baba hakusema maneno mengi. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mlango, na kijani cha jeshi kikatokea chini yake. Basi. Bei ilianzia hapo.

Mzambia mmoja, Ba Chanda, mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliona kidole kile kikisugua akacheka kwa furaha. Alimwambia baba amtunzie gari lile, atarudi akishampata mteja anayelistahili.

Baba hakumsubiri. Homa ilimchukua kabla kahawa haijaiva. Matanga yalipokwisha, mdogo wake, huyo baba mdogo Obadia, alimchukua Afande akamhamishia uani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akisema gari haliachiwi mjane.

Mvua za mwaka uliofuata mama naye aliugua. Alipumua kwa shida, midomo ikawa na rangi ya majivu. Nilikimbia kwa baba mdogo nikapiga magoti kwenye matope. Alikuwa barazani anakula mahindi ya kuchoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama barabara, akatazama gari.

"Nimeshaliosha," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba mdogo, mama hawezi hata kukaa."

"Nimesikia. Lakini Mzambia anaweza kuja wiki yoyote, na njia ile ni matope matupu. Waambie majirani wambebe."

Majirani walimbeba mama kwa machela. Mke wa baba mdogo, mama mdogo Tusekile, alitoka nyumbani kwake bila kuaga, akatembea kando ya machela akimkinga mama mvua kwa mwavuli. Mama hakuifikia barabara ya lami. Nilikuwa nimemshika kisigino, na nilijua kabla ya wote.

Sasa ninyi mnaonisoma mnaweza kuwa watu wa kusamehe. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, mkubwa wa watoto wanne, na tangu siku ile neno lake moja, "nimeshaliosha", lilikaa kinywani mwangu kama kokoto. Nililala nalo na kuamka nalo. Kanisani walipoimba, nililitafuna.

Baada ya matanga ya mama baba mdogo alituita. Alituambia, bila kutuangalia, kwamba Ba Chanda ametuma ujumbe anakuja kulichukua gari. Likiuzwa, yeye anafungua duka Mlowo, na nyumba yetu anaipangisha. Sisi tutagawanywa kwa ndugu. Jonasi ataenda Galula kuchunga ng'ombe, Tabia atakuwa mtumishi wa ndani Tunduma, Lusia mdogo atachukuliwa na shangazi wa Ileje. "Na wewe, Yusta, utabaki kwangu. Shule basi, umekua."

Kwa hiyo siku ya kuuzwa Afande ndiyo ingekuwa siku yetu ya kutawanyika. Niliwatazama wadogo zangu. Lusia alikuwa akiuliza kama Ileje kuna paka.

Mniruhusu niwaeleze baba mdogo alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo hamtaelewa. Yeye alijipatia riziki kwa baiskeli kuukuu. Alizinunua zimeoza, akazipaka rangi ya kung'aa, akazipeleka mnadani Mlowo, na watu wakazigombania. "Rangi ndiyo bei," hiyo ndiyo ilikuwa methali yake. Na alimdharau baba. Alimwona mtu mchafu anayeshinda chini ya vyuma vya kutu. Basi alirudi kutoka Mlowo na makopo ya rangi nyekundu ya mafuta, misasa, brashi za waya na chupa za tina ya kuyeyushia rangi, akatuita mimi na Jonasi.

"Yusta, wewe ulikuwa unashinda na baba yako. Hawa Wazambia wanapenda nini?"

Nilimjibu ukweli. "Baba hakupenda kuliosha, baba mdogo. Alisema wanalitaka hivyo hivyo lilivyo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndiyo maana kafa maskini! Shika msasa."

Nilimwambia mara moja. Mara ya pili sikumwambia. Nilishika msasa.

Na nilisugua, jamani. Nilisugua kama mtu anayelipwa. Rangi ya maji ilitoka kwa ndoo mbili, kijani kikabaki kinang'aa juani, kizee, chenye mikwaruzo yake, nami nikakiparua mpaka bati likatoka jeupe. Na kila nilipofika kwenye kitu ambacho najua mnunuzi angekipigia magoti, nilisimama na kuuliza kwa adabu, maana mtoto mwenye adabu huuliza.

"Na namba hizi nyeupe je, baba mdogo?"

"Sugua. Unataka watu waseme gari la wizi?"

"Na hivi vya kushikia bunduki?"

"Tunakwenda vitani? Ng'oa."

"Na kibati hiki chenye maandishi?"

"Nani atakisoma? Ng'oa, usiniulize kila kitu!"

Alikuwa amesimama kivulini na chupa ya soda, akielekeza kwa kidole kidogo. Mama mdogo Tusekile alipita na kapu la mboga, akatazama patasi mkononi mwangu, akatazama kibati. Baadaye kidogo alirudi akaniletea nyundo iliyo nzito zaidi.

Jonasi ndiye aliyeniumiza. Alikuwa na miaka kumi, na alitupa brashi chini akalia. "Dada, unamsaidia! Unamchuna Afande wa baba!" Sikuweza kumweleza. Mdomo wa mtoto wa miaka kumi hauna kufuli. Nilimwambia aende kuchota maji, na akaenda akinichukia. Jioni nililibeba turubai la Afande, ambalo baba mdogo alisema linanuka likatandikwe kwa kuku, nikalianika kwetu juu ya uzio. Tulijifunika nalo wote wanne mwezi ule.

Wiki haikuisha, Afande akawa mwekundu pyu, na mstari mweupe ubavuni. Magurudumu yakapakwa rangi ya fedha. Injini nayo ikapakwa fedha. Viti vikavishwa vitambaa vya maua. Watoto waliokuwa wakipita kwenda shule walisimama wakapiga kelele, "Zimamoto! Zimamoto!" Baba mdogo alidhani wanamsifu, akawapungia mkono.

Ba Chanda alifika na kijana wake kwa pikapu. Baba mdogo alikuwa amevaa koti, amechinja jogoo, na ameita nusu ya kijiji waje washuhudie. Mzee alitupa pole sisi watoto kwanza, mmoja mmoja, akitushika vichwa. "Mulishani, bana bandi," akatuambia kwa Kibemba chake, habari zenu, wanangu. Kisha akageuka.

"Haya. Gari liko wapi?"

Alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Hilo hapo, mzee wangu!" baba mdogo akasema, mikono imefunguka kama mchungaji anayebariki.

Ba Chanda alilitazama. "Awe, mukwai, hapana bwana. Naulizia lile la marehemu. Lile la jeshi."

"Ndilo lenyewe! Tumelipendezesha."

Mzee alilisogelea polepole. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mlango. Kidole kilirudi safi. Akasugua mahali pengine. Akachungulia ndani kutafuta kibati, akaona tundu nne za ribiti na ua la kitambaa. Akafunua boneti, na hapo akashindwa kujizuia. "Hata injini mmeipaka wanja?" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Mteja wangu ana magari mazuri mengi," akasema. "Hili alilitaka kwa sababu hakuna aliyeligusa. Hili sasa ni la kubebea nyanya."

"Tunaweza kurudisha ile rangi..."

"Utarudisha na miaka?"

Baba mdogo alinigeukia, mishipa ya shingo imesimama. "Ni huyu mtoto! Huyu ndiye aliyesugua! Huyu ndiye aliyeng'oa!"

Ba Chanda aliniangalia. Niliangalia chini kama inavyotakiwa. Mama mdogo Tusekile ndiye aliyejibu, akiwa bado na mwiko mkononi, kwa sauti ya kutosha watu wote.

"Alitumwa na nani, mume wangu? Si ulisimama pale na soda, mtoto anakuuliza kimoja kimoja, wewe unamwambia ng'oa? Siku nyingine umpe mgonjwa gari, hata likirudi na matope."

Walikuwapo pale wanaume wanne waliobeba machela. Mmoja wao alitema mate pembeni, akavaa kofia yake, akaondoka. Wengine wakamfuata. Jogoo alibaki mezani.

Baba mdogo alijaribu kulipeleka Tunduma. Lakini wauza magari wa mpakani habari huwafikia kabla ya gari. Walimwuliza kama linauzwa pamoja na maji ya kuzimia moto. Huko Mlowo wakamwita Mzee Rangi, na hata baiskeli zake watu wakaanza kuzikwaruza kwa kucha kabla ya kununua. Duka halikufunguliwa. Ndugu waliokuwa tayari kutugawana wakaona haya kutuchukua kwa mikono yake. Siku moja alilisukuma gari mpaka uani kwetu, akaliacha. "Kaeni na zimamoto yenu," akasema.

Tulikaa nayo. Shule sikurudi. Nilimtafuta dereva, mzee mmoja mwadilifu aliyewahi kufanya kazi na baba, nasi tukabeba mahindi na kahawa ya watu kwenda Mlowo, na wagonjwa tukawabeba katika kila aina ya matope. Jonasi alinielewa siku nilipomweleza, akacheka, kisha akalia tena, safari hii begani kwangu. Leo nafanya kazi ya baba hapa mpakani. Najua sasa gari lile lilikuwa la thamani gani, na kuna wanaoniambia kwamba nilichoma nyumba ili kumuunguza panya. Nami huwajibu kwamba hawakuwahi kukaa na panya yule.

Lakini kuna jambo sikulielewa utotoni. Nilijiona mjanja. Nilidhani nimemtega. Kumbe sikumtega. Nilimwambia ukweli uso kwa uso, naye akaucheka kwa sababu ulitoka kwa kaka yake. Angemheshimu marehemu kwa muda wa kumaliza soda ile, angejiuliza kwa nini mtu anayeishi kwa kuuza magari hataki kuyaosha. Hakujiuliza. Kwa kaka yake hakuona kitu cha kujifunza, na mlangoni kwake, siku ile ya mvua, hakuona mtu. Ni dharau ile ile moja.

Mwaka jana walikuja kumposa Lusia. Kwa mila, baba mdogo ndiye aliyestahili kukaa kiti cha mbele, na alikaa, na koti lake, amenyoa ndevu. Washenga wakauliza ni nani mwenye neno juu ya binti huyu. Alikohoa, akajiweka sawa. Lusia akapita mbele yake, akaja kupiga magoti miguuni kwangu, na Jonasi na Tabia wakasimama nyuma yangu. Wazee wote wakageuza viti.

"Tunakusikiliza, mama," wakaniambia.

Sikumtazama baba mdogo. Nilisikia tu kiti chake kikilia. Nilisema neno letu juu ya Lusia, taratibu, bila kuruka kitu, kisha chakula kikaletwa, nikala mpaka nikaongeza.