Mama Bakuli na Kinundu cha Mkwewe

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajawasha mashine, Mama Bakuli anachemsha maji. Anayamimina kwenye bakuli la plastiki, anatumbukiza chupa ya jeli, anasubiri ipate joto. Bakuli hilo ndilo lililompa jina.

"Mtu kaja na uvimbe shingoni, roho mkononi, halafu umpake jeli baridi? Huo ni ukatili."

Ni mwaka wa kumi na tisa anapiga picha za ultrasaundi. Siku nyingi ni wajawazito. Jumanne ni zamu ya shingo: watu kumi na wanne hivi wenye vinundu kwenye tezi. Wengi hurudi nyumbani na habari njema.

Kinundu chenye maji huonekana cheusi, kingo zake laini kama yai. Hicho hakimtishi. Anachokihofia ni kigumu, chenye kingo zilizochanika, kilichosimama badala ya kulala, na ndani vidoa vyeupe kama punje za chumvi.

"Hata hicho siiti saratani. Picha inanusa tu. Anayetoa hukumu ni sindano ya kuchota chembe zikapimwe."

Zamani, akiona kibaya, alinyamaza. Miaka mitatu iliyopita fundi cherehani mmoja aliusoma ukimya huo, akafuta jeli, akaondoka. Hakurudi kuchomwa sindano. Tangu hapo Mama Bakuli huongea mwanzo mpaka mwisho: bei ya mkaa, mbuzi wa jirani, lolote.

Mwezi wa pili mwaka huu, aliyelala kitandani alikuwa mama mkwe wake. Mpiga picha mwingine hakuwepo.

"Na yule paka wenu, mama, siku hizi anakula nini?"

"Paka gani? Si alikufa mwaka juzi, ukamzika wewe?"

Mama Bakuli akakaza macho kwenye skrini.

"Mwanangu, mimi nakujua. Acha porojo. Umeona nini?"

"Viko viwili, mama. Kimoja ni maji. Cha pili sikipendi."

"Basi kipime vizuri. Mimi sikimbii."

Alikipima huku machozi yakimdondokea kwenye glavu. Sindano ikasema ni saratani, ndogo kama punje ya njegere, haijasambaa. Daktari akakata nusu ya tezi. Leo bibi ana kovu shingoni na sauti ya mikwaruzo, na bado anawagombeza wajukuu mpaka anasikika mtaa wa pili.

Kilichobaki ni yule fundi cherehani. Mama Bakuli amesikia ana kibanda nyuma ya soko, na siku hizi hufunga mtandio shingoni hata jua likiwaka. Jumamosi atakwenda kumwomba radhi, amrudishe kitandani kabla hakujaharibika zaidi. Ameshaanza kupanga maneno.

Mama mkwe wake anasikiliza, kisha anafungua kifungo cha juu cha blauzi, kovu lionekane.

"Tutakwenda wote. Ila safari hii wewe unyamaze. Nitaongea mimi."